Chaguo la Mheshimiwa Turubai

Nchi nitakayoisimulia ina jina, lakini jina hilo limepigiwa mhuri wa siri, na mimi ni mtu wa kuheshimu mihuri. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani. Ina mito, ina mawaziri wengi kuliko mito, na ina Wizara ya Amri na Utaratibu, ambako nimeandika kumbukumbu za vikao kwa miaka kumi na tisa. Naitwa Mfaume. Sijawahi kutoa maoni katika kikao chochote, na ndiyo maana nimedumu.

Mambo haya yalianza mwaka ambao Serikali iligundua kwamba miji imezidi. Rais wetu alikuwa ameahidi kuitembelea yote katika muhula mmoja, na wataalamu wa ratiba wakaona kwamba hata asipopumzika Jumapili, miji arobaini na moja ingebaki bila kumwona. Ikaonekana ni rahisi kupunguza miji kuliko kuongeza siku. Mji mdogo ungefutwa kwenye daftari la taifa, watu wake wangeandikwa kuwa wa mji mkubwa wa jirani, na kila mmoja angebaki nyumbani kwake akichambua mboga bila kujua kwamba amehama.

Kazi hiyo ilihitaji programu ya kompyuta, na Wizara ikamwajiri binti mmoja aitwaye Sikudhani Mbelwa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia moja mbaya ambayo usaili haukuigundua: akiulizwa swali, alilijibu.

Sikudhani alikuwa mtoto wa Ngarawe, mji mdogo wa bondeni, mwendo wa siku nzima kutoka makao makuu. Wazazi wake walifariki akiwa hajaanza shule, akalelewa na shangazi yake, Bi Tabu Mbelwa, mkunga wa zahanati ya pale. Ngarawe ilikuwa na watu elfu kumi na moja na ushee, na karibu nusu yao walipokewa duniani kwa mikono ya huyo shangazi. Picha yake ilikaa mezani kwa Sikudhani, mama mnene aliyekunja uso kwa sababu ya jua. Tulipokunywa chai ya saa nne, binti alinisimulia habari zake mpaka nikaanza kumwona kama mtu ninayemfahamu.

*

Programu yenyewe haikuwa ngumu kuitumia. Uliandika neno *futa*, ukaandika jina la mji, na kama ulikuwa na la kuongeza, uliweka vistari viwili na neno moja mbele yake. Neno hilo wenye fani huliita chaguo. Sikudhani alitengeneza machaguo matatu. La kwanza lilikuwa *--jaribu*: ukiliandika, mashine haikugusa kitu, ilikuonyesha tu ni nini kingetokea. La pili, *--hamishia*, liliwapeleka watu kwenye mji wa jirani kabla mji wao haujafutwa. La tatu lilikuwa *--rudisha*, nalo liliurudisha mji uliofutwa kwa makosa.

Siku ya kuiwasilisha kwenye kamati, Waziri alihudhuria mwenyewe. Mheshimiwa Gwandumi Turubai ni msomi mkubwa, ana shahada nne za heshima, na ana mazoea ya kuipumzisha herufi R na kuitumikisha L mahali pake. Wizarani hakuna aliyewahi kuligusa jambo hilo. Baadhi ya maofisa walikuwa wamekwishaanza kuongea kama yeye, na mimi kwenye kumbukumbu nilizirudisha R zote kimyakimya, kama mtu anayemfunga bosi wake vifungo vya koti bila kumwambia kwamba vilikuwa wazi.

Sikudhani alieleza kwamba ndani ya programu kila mji ni kitu, kila shule ni kitu, na kila mtu ni kitu. Kila kitu kina tabaka lake, na tabaka la chini hurithi tabia zake kutoka tabaka la juu. Mheshimiwa alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema nchi yetu imekuwa ikiendeshwa namna hiyo tangu uhuru, tena bila umeme.

Kisha Sikudhani akaeleza kuhusu kitu kimoja alichokiita Msikilizaji. Kazi ya Msikilizaji ilikuwa kupokea machaguo kabla amri haijatekelezwa, kuyakagua moja moja, na akikuta neno asilolijua, kusimamisha kila kitu na kuandika kwenye skrini: *Kosa. Neno hili silitambui.*

Mkurugenzi wetu, Bwana Tarimbo, ambaye ndiye bosi wa Sikudhani na wangu, aliuliza kwa upole ni nani hasa angekuwa anaambiwa kwamba amekosa. Sikudhani akajibu kwamba ni yeyote aliyekosea kuandika. Bwana Tarimbo akauliza kama na Mheshimiwa yumo katika huyo yeyote. Sikudhani akajibu kwamba mashine haijui nani ni nani.

Kamati ilijadili hilo kwa siku mbili. Mwanasheria wa Wizara alisema kwamba msikilizaji anayekataa si msikilizaji. Alikumbusha kwamba ofisi zote za Serikali huwasikiliza wananchi kila Jumanne, hupokea kila wanachokisema kwa shukrani, na baada ya hapo hakuna kinachotokea. Mashine haikuwa na sababu ya kuwa na kiburi kuliko ofisi. Ikaamuliwa kwamba Msikilizaji akikuta neno asilolijua, alipokee, anyamaze, na kazi iendelee kana kwamba halikuandikwa.

Sikudhani akaomba kwamba kama ni hivyo, basi amri isiyo na chaguo lolote ihesabiwe kuwa ni jaribio, na atakayetaka kufuta kweli aandike kwamba anataka kufuta. Hapo Mheshimiwa alizungumza mwenyewe.

"Selikali hii si ya majalibio," alisema. "Tukisema neno, limetendeka."

Wajumbe walipiga meza. Na kuhusu *--rudisha*, hakukuwa na mjadala hata kidogo. Bwana Tarimbo alisema Serikali hairudi nyuma, chaguo likaondolewa, tukaenda kula.

Mchana ule Sikudhani alikuja mezani kwangu, akaniuliza kama nimeandika kwenye kumbukumbu kwamba alipinga. Nikamwambia nimeandika kwamba wajumbe wote walikubaliana, kwa sababu hiyo ndiyo sentensi inayokuja baada ya kila mjadala. Alingoja kidogo akinitazama, akarudi mezani kwake, akaanza kubadilisha programu kama alivyoagizwa.

*

Uzinduzi ulipangwa ufanyike ukumbini, mbele ya mabalozi na televisheni. Mheshimiwa angeandika amri kwa mkono wake mwenyewe, kwa jaribio tu, ili wageni waone kwenye skrini kubwa jinsi mji mzima unavyoweza kupimwa kwa nukta moja. Bwana Tarimbo alimwambia Sikudhani achague mji wa mfano. Sikudhani alichagua Ngarawe.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Mwenyewe aliniambia baadaye kwamba takwimu za Ngarawe alizijua kwa kichwa, kwa hiyo kama mashine ingekosea hata kisima kimoja, angegundua mara moja. Nadhani pia alitaka shangazi yake aone jina la mji wao kwenye televisheni. Alimpigia simu kumwambia akae karibu na runinga ya zahanati saa tano kamili, na shangazi akawaita wajawazito wote wa kliniki ya siku ile waje watazame.

Amri aliiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza: *futa Ngarawe --jaribu*. Aliiweka mbele ya Mheshimiwa, akasimama nyuma ya kiti chake. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu.

Mheshimiwa alihutubia kwanza, kwa dakika hamsini. Kisha akaketi, akaisukuma karatasi kando kwa sababu haikumpendeza aonekane akinakili, na akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Sote tuliona herufi zikitokea ukutani, kubwa kama milango. Aliandika *futa*. Aliandika *Ngarawe*, na hiyo R aliipata, kwa sababu ilikuwa imechapishwa kwenye bango lililokuwa mbele yake. Akaweka vistari viwili. Kisha akaandika neno la mwisho jinsi anavyolitamka.

*--jalibu*.

Ukumbi ulikuwa na watu mia tatu, na sina shaka kwamba angalau mia mbili na tisini waliliona kosa. Balozi mmoja alikohoa. Mimi niliitazama ile L, nikaona ni jambo la kurekebishwa kwenye kumbukumbu.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani.

Bwana Tarimbo alimkanyaga mguu. Nilikiona kiatu kikishuka. Mheshimiwa aligeuka nusu, akamtazama binti kwa tabasamu la kibaba.

"Usiwe na wasiwasi, binti yangu," alisema, akabonyeza.

Msikilizaji alipokea neno asilolijua, akanyamaza kama alivyofundishwa. Ukutani kukatokea sentensi moja: *Ngarawe: hakuna.* Watu wakapiga makofi. Sikudhani hakupiga, alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Kwenye zahanati ya Ngarawe, kama nilivyosimuliwa baadaye, wajawazito walipiga makofi pia. Kisha umeme ukakatika.

*

Mashine ilifanya kazi yake vizuri sana, na hilo lazima lisemwe. Kwa kuwa mji ulifutwa bila *--hamishia*, kila kilichokuwa chini yake kilifutwa nao: shule nne, zahanati, visima, makaburi, na watu elfu kumi na moja mia nne na wawili. Taarifa ilijituma yenyewe kwenye idara zote. Idara ya umeme ilikata nyaya siku ileile. Idara ya maji ilifunga bomba kesho yake. Polisi wao watatu waliitwa warudi na benchi lao. Daktari alipewa barua ya kumpongeza kwa kumaliza kazi katika eneo lisilo na wagonjwa, akahamishiwa kwingine. Bi Tabu hakupewa barua, kwa kuwa yeye alikuwa mwenyeji, na mwenyeji hakuwepo.

Sikudhani alikuwa na nakala ya akiba. Hilo ndilo lililomfanya asikate tamaa siku zile za mwanzo. Aliniambia kwamba daftari lote la Ngarawe, kama lilivyokuwa asubuhi ya uzinduzi, lilikuwa kwenye mashine ya pili, na kulirudisha ni kazi ya dakika nne. Alichohitaji ni kibali.

Bwana Tarimbo hakumkatalia. Ni mtu mwema, hajawahi kumkatalia mtu kitu. Alimweleza kwamba kurekebisha daftari la mji wowote kunahitaji saini ya mwenyekiti wa mji huo. Sikudhani akampigia simu mwenyekiti, mzee akafika baada ya siku mbili na mhuri wake mfukoni. Mlinzi wa mlangoni akaangalia kwenye mashine, hakumkuta, na kwa mujibu wa sheria hakuweza kumruhusu aingie, wala kumkatalia, kwa kuwa wa kukataliwa hakuwepo. Mzee alisimama getini mpaka ofisi ikafungwa. Sikudhani alitoka nje akamsainisha fomu juu ya boneti ya gari la watu. Fomu ilirudishwa na maelezo kwamba saini hiyo si ya mtu anayejulikana.

Akaomba basi watu wa Ngarawe wasajiliwe upya. Akajibiwa kwamba fomu ya usajili inauliza mahali pa kuzaliwa, na Ngarawe haimo kwenye orodha. Akauliza kama wanaweza kusajiliwa kama wageni. Akajibiwa kwamba wanaweza kabisa, nchi yetu inapenda wageni, mradi walete pasipoti za huko walikotoka.

Iliundwa tume. Tume haikuruhusiwa kuchunguza kama Mheshimiwa alikosea, maana jibu lilijulikana, ilichunguza neno. Wataalamu wa lugha walikaa hotelini wiki sita, wakatoka na ripoti nene iliyothibitisha kwamba *kujalibu* ni kitenzi halali, na maana yake ni kutenda jambo moja kwa moja bila kurejea. Kwa hiyo Mheshimiwa aliandika alichokusudia, na mashine ilifanya ilichoambiwa. Neno likaingizwa kwenye vitabu vya shule za msingi, isipokuwa katika shule nne.

*

Bi Tabu alikuja mwezi wa tatu baada ya uzinduzi. Hakupita getini, alikaa chini ukutani, ng'ambo ya barabara, na kikapu mapajani, akamsubiri mtoto wa kaka yake atoke kwenda kula. Nilikuwa naye Sikudhani. Alipomwona shangazi yake alikimbia, akapiga goti palepale vumbini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Simama, utachafua nguo ya kazi."

Alikuwa amekonda, tofauti na picha. Aliniuliza kama mimi ndiye Bwana Mfaume wa kwenye hadithi za chai, nikasema ndiye. Akaniomba nikae nisikilize, kwa sababu alisikia kwamba mimi ndiye ninayeandika.

Alisimulia bila kupandisha sauti. Palikuwa na mwanamke aitwaye Mwanaheri, mimba yake ya pili, mtoto amekaa vibaya. Bi Tabu aliona mapema kwamba peke yake hawezi kumzalisha, na zahanati ilikuwa haina taa wala dawa. Wakampakia kwenye mkokoteni, kisha kwenye gari la mkaa, wakamfikisha hospitali ya mkoa saa nane mchana. Nesi wa mapokezi aliandika jina, mashine ikasema hakuna. Akaandika tena. Akamwita mwenzake. Hawakuwa watu wabaya, alisema Bi Tabu, mmoja alikuwa analia. Lakini chumba cha upasuaji kilifunguliwa kwa namba ya mgonjwa tu, na dawa ya usingizi ilitoka stoo kwa namba ya mgonjwa tu, na Mwanaheri hakuwa na namba. Wakampa benchi. Bi Tabu alimzalisha hapo kwenye benchi, kwa mikono yake, mbele ya watu waliogeuza nyuso.

"Mtoto alitoka hai," alisema. "Mama yake akaenda na jua."

Walipoomba cheti cha kifo waliambiwa kwamba asiyekuwepo hafi.

Sikudhani alikuwa ameketi chini, ameshika kingo za kikapu. Bi Tabu akamuuliza swali moja, la kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia.

"Wanasema wewe ndiye uliyeiandika hiyo mashine. Ni kweli?"

"Ni kweli, Shangazi."

"Na jina letu, nani aliyelitoa?"

"Ni mimi, Shangazi."

Bi Tabu akafunua kikapu, akatoa ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani, akampa, akamwambia ale kwanza, maana saa ya chakula ilikuwa inapita. Sikudhani alikula akilia. Nami nilipewa moja, nikaila.

Siku ile sikuwa na kikao, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kuyaandika hayo.

*

Baada ya hapo Sikudhani alibadilika. Alikuja kazini mapema, akaacha kuuliza maswali, na Bwana Tarimbo akaniambia kwamba binti sasa amekomaa. Kumbe alikuwa amegundua mlango. Programu ilikuwa na njia moja ambayo kamati haikuigusa, ya kuandikisha watoto wachanga, kwa sababu mtoto mchanga haulizwi alikotoka. Anaulizwa tu amezaliwa wapi, na jibu linaweza kuwa mji wowote uliopo. Sikudhani alianza kuwaandikisha watu wa Ngarawe mmoja mmoja kama watoto waliozaliwa Kibaoni, mji wa jirani. Alianza na wagonjwa. Kisha wajawazito. Kisha shangazi yake, ambaye akiwa na miaka sitini na mitatu alizaliwa Alhamisi moja asubuhi, akiwa na kilo tatu na robo.

Aliwazalisha watu mia mbili na kumi na sita. Haikuwa kazi bure kabisa: waliandikishwa, walipata namba, na namba ilifungua milango. Lakini kila mlango ulifungukia wodi ya watoto. Mzee wa kisukari alipimwa uzito kwenye beseni na kupewa matone ya polio. Bi Tabu aliitwa kwenye chanjo ya wiki ya sita, akaambiwa aje na mama yake.

Wizara ya Takwimu ndiyo iliyogundua, kwa furaha. Kibaoni ilikuwa imezaa kuliko miji yote ya taifa, na Mheshimiwa Turubai akalitangaza jambo hilo bungeni kama matunda ya sera zake. Akaamua kwenda kuwaona watoto hao. Alipokelewa na wazee wenye mikongojo, wamepangwa mstari, kila mmoja ana kadi ya kliniki shingoni.

Alimbusu mmoja kwenye paji la uso, kwa ajili ya kamera. Lakini wiki iliyofuata Sikudhani aliitwa kwenye kikao, na mimi niliandika. Alipoulizwa kama alifanya, alijibu kwamba alifanya. Alipoulizwa kama anajuta, alisema anajuta kwamba hakuwa na kasi zaidi. Watoto wale mia mbili na kumi na sita wakafutwa siku hiyohiyo mbele yake, kwa amri moja, isiyo na chaguo lolote. Nakala ya akiba ilitafutwa, ikapatikana, ikafutwa nayo.

Hakufungwa. Serikali yetu haina visasi. Alipewa uhamisho: aliteuliwa kuwa Afisa Mkazi wa Ngarawe. Bwana Tarimbo alimpa mkono, na Sikudhani akatia picha ya shangazi yake kwenye mfuko, akaondoka kwa miguu. Jina lake lilihamia pamoja naye, mahali pasipokuwepo, na jioni ile mlinzi alipoangalia kwenye mashine hakumkuta.

*

Mwaka uliofuata wahandisi wa bwawa la umeme walikuwa wanatafuta bonde. Walikuwa na masharti magumu, bonde refu, lenye mto, lisilo na watu, kwa kuwa kuhamisha watu ni shida na huchelewesha. Waliuliza mashine. Mashine iliwapa jibu moja tu.

Nasikia Sikudhani aliwapelekea barua mara saba. Alikuja na orodha iliyoandikwa kwa mkono katika madaftari ya shule, majina elfu kumi na moja, yeye na shangazi yake waliyaandika nyumba kwa nyumba. Mhandisi mmoja aliyapokea madaftari, akayasoma, na akaenda kwa wakubwa wake kusema kwamba bondeni kuna watu, amewaona kwa macho yake. Wakamuuliza kama ana ushahidi wa kimfumo. Hakuwa nao. Ujenzi ulikwenda kwa ratiba, na maji yakaanza kupanda mwezi wa mvua.

Kwenye uzinduzi wa bwawa nilikwenda na msafara, na daftari langu. Palikuwa na ngoma na mahema, na jina la Mheshimiwa Turubai lilichongwa kwenye ukuta wa zege. Katika hotuba yake alisoma ripoti ya mradi, ambayo niliichapa mimi mwenyewe, ukurasa wa tisa: *Hakuna mtu aliyehamishwa.* Hilo ni kweli. Hakuna aliyewahamisha. Walihama wenyewe, maji yalipofika magotini.

Nilipoinua macho niliwaona. Walikuwa kwenye kilima cha upande wa pili, wamesimama na vitanda, na vyungu, na mbuzi, wengi mno, kilima kizima kimebadilika rangi. Mbele kabisa, karibu na maji, alisimama mama mmoja mwenye kikapu, na pembeni yake binti mwembamba akiwa amembeba mtoto mgongoni, mtoto wa umri wa yule aliyezaliwa kwenye benchi. Nilimjua Sikudhani. Nadhani naye alinijua, kwa sababu aliacha kumtikisa mtoto, akatulia, akanitazama juu ya maji yale yote. Hakupunga mkono wala hakuita. Alingoja tu, kama alivyongoja siku ile mezani kwangu.

Mpiga picha wa Wizara alikuwa anapanga picha rasmi, Mheshimiwa mbele, ziwa nyuma. Alishusha kamera akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe, kama wale watu wa kilimani, waliokuwa wanaingia ukingoni kulia mwa picha, wanaruhusiwa kuonekana.

Nikamwambia asogee kushoto kidogo.